Askofu James Hannington na Safari Yake Fupi ya Mwaka 1882



Kila mwaka tarehe 29 Oktoba twamkumbuka Askofu James Hannington na wenzake waliouawa Busoga mwaka 1885. Wengi wetu twajua jinsi alivyokufa, kwa kuwa tulifundishwa habari hiyo tangu Shule ya Jumapili. Lakini ni wachache wanaojua kwamba miaka mitatu kabla ya kufa kwake alipita katika nchi hizi zetu za Wanyamwezi na Wasukuma, mgonjwa, amebebwa kwenye machela. Safari hiyo ya kwanza, tangu kuondoka Uingereza hata kurudi, ilichukua mwaka mmoja na mwezi mmoja hivi. Hakujenga kanisa wala hakufungua shule, na Buganda, alikotumwa, hakufika.

Nimeona vema kuieleza habari hii kwa sababu siku hizi safari fupi za kueneza Injili zimekuwa nyingi. Vikundi vya Wakristo huja kutoka Uingereza, Marekani au Australia, wakakaa majuma mawili au matatu, kisha wakaondoka. Kwaya na vijana wa makanisa yetu nao huvuka mipaka kwenda Kenya na Uganda. Wako wanaozisifu sana safari hizi, na wako wanaonung'unika kwamba ni kupoteza nauli ambayo ingeezeka kanisa. Pande zote mbili zinaweza kujifunza neno kwa Hannington.

Kukua kwake na kuitwa kwake

James Hannington alizaliwa tarehe 3 Septemba 1847 katika kijiji cha Hurstpierpoint, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara tajiri mwenye duka kubwa katika mji wa Brighton. James alikuwa mtoto mtundu, mwenye kupenda michezo ya hatari, bahari, wanyama na mimea. Siku moja alitengeneza baruti ili aharibu kiota cha nyigu. Baruti ikalipuka mkononi mwake, akapoteza kidole gumba cha mkono wa kushoto. Tangu hapo hata mwisho wa maisha yake alikuwa mtu wa vidole tisa.

Alipokuwa na miaka kumi na mitano aliacha shule akaingia katika ofisi ya biashara ya baba yake. Alikaa huko miaka sita, na kazi ile haikumpendeza hata kidogo. Jamaa yake walikuwa wa dhehebu jingine, wakajiunga na Kanisa la Uingereza mwaka 1867. Mwaka uliofuata James akaenda Oxford kusoma ili awe kasisi. Hakuwa mwanafunzi hodari wa vitabu. Rafiki zake walimpenda kwa uchangamfu na mzaha, wala hawakutazamia kwamba angekuwa mtu wa kukumbukwa na Kanisa.

Alifanywa shemasi mwaka 1874, akatumwa kwenye vijiji vya wakulima huko Devon, ambako alipanda na kushuka milima kwa farasi ili kuwatembelea watu wake. Ni katika mwaka huo, akiwa tayari shemasi, ndipo alipomjua Kristo kwa moyo wake wote. Rafiki yake mmoja, ambaye alikuwa akimwombea kwa muda mrefu, alimpelekea kitabu. Mwanzoni Hannington alikidharau, hata akakitupa kando. Alipokirudia baadaye aliona kwamba dhambi zake zimesamehewa, na furaha aliyoipata siku hiyo haikumwacha tena. Hapa tuone kwamba mtu aweza kuvaa kanzu ya utumishi kabla moyo wake haujawa mtumishi, na kwamba maombi ya rafiki mmoja si kitu kidogo.

Mwaka 1875 alirudi Hurstpierpoint kulitunza kanisa dogo la St George's, ambalo baba yake alilijenga. Mwaka 1877 akamwoa Blanche Hankin-Turvin. Alipendwa sana na watu wa kijiji, hasa wavulana na wagonjwa. Mara kwa mara aliitwa kwenye parokia nyingine kuhubiri katika mikutano ya siku chache. Kwa hiyo tangu mapema aliizoea kazi ya mhubiri mgeni anayekuja, anayesema, na kuondoka.

Neno lililomgusa lilitoka huku kwetu. Desemba 1877 wamisionari wawili wa Shirika la CMS, Luteni Shergold Smith na Bwana O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe. Habari hiyo ilipofika Uingereza mwaka 1878 ilimchoma Hannington moyoni. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na watu wa kanisa lake walimhitaji. Lakini kila aliposikia habari za Nyanza aliona kana kwamba kuna nafasi iliyo wazi inayomngoja. Hatimaye, mwaka 1882, alijitoa kwa CMS aende Nyanza kwa muda usiozidi miaka mitano.

Kundi la watu sita

Tarehe 17 Mei 1882 kundi la watu sita liliondoka London. Hannington alikuwa kiongozi. Wenzake walikuwa Robert Ashe, Cyril Gordon ambaye alikuwa mpwa wake, Blackburn, Edmonds, na Wise aliyekuwa fundi. Ilikuwa shauri la kutia nguvu Misheni ya Buganda, ambako Alexander Mackay na mwenzake O'Flaherty walikuwa wakifanya kazi karibu peke yao katika mji wa Kabaka Mutesa.

Walifika Unguja mwezi wa Juni, wakavuka hata Saadani, na hapo wakaanza kutembea. Yafaa vijana wetu waifikirie njia hiyo. Leo mtu hupanda basi Dar es Salaam alfajiri, na usiku amekwisha fika Shinyanga. Wakati ule msafara ulitembea kwa miguu kupitia Mamboya na Mpwapwa, ukavuka nyika kavu ya Ugogo, ukaingia Unyamwezi. Hapakuwa na fedha ya kutumia njiani. Kila kitu kilinunuliwa kwa nguo, shanga na waya, na watawala walidai hongo msafara upite. Mizigo hiyo yote ilikuwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Maji yalikuwa ya madimbwi, na mara nyingi ng'ombe na wanyama wa porini walikwisha kuyanywa na kuyachafua.

Hannington alitembea mbele kwa furaha. Alikusanya mimea na wadudu, na kwa wapwa zake huko nyumbani aliandika barua ndefu zenye picha za kuchekesha alizochora mwenyewe, akijifanyia mzaha kwa mashaka yaliyompata. Lakini mwili wake haukuwa na nguvu kama moyo wake. Homa ilimshika njiani. Walipofika Uyui, karibu na Tabora, mwanzoni mwa Septemba, alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu uliomlaza kitandani majuma mengi. Gordon alimwuguza mchana na usiku. Maumivu yalikuwa makali, na wote waliona kwamba anakufa, hata yeye mwenyewe akachagua mahali pa kaburi lake.

Ikaamuliwa kwamba wenzake waendelee na safari naye abaki. Ndipo alipopata nafuu kidogo, na mara akaomba achukuliwe. Basi katikati ya Oktoba 1882 akawekwa kwenye machela, wapagazi wakamwinua mabegani, msafara ukashika njia ya kaskazini kulielekea ziwa. Hivyo ndivyo alivyopita katika nchi yetu, akitazama mbuga na mawe yake akiwa amelala chali, katika wakati wa mwaka ambao jua la Usukuma ni kali na watu wanangojea mvua.

Siku zake kando ya ziwa

Mwezi wa Novemba walifika Msalala. Msalala hiyo ilikuwa kwenye ncha ya kusini ya ghuba ndefu ya ziwa inayoingia nchini kati ya Mwanza na Geita. Leo tukisema Msalala twaifikiria zaidi halmashauri ya wilaya iliyo upande wa Kahama, lakini katika barua za wamisionari wa kwanza jina hilo lilikuwa la kituo kilicho karibu na maji. Hapo walipiga kambi, wakangoja mitumbwi ya kuwavusha.

Mitumbwi haikupatikana upesi. Krismasi ya mwaka 1882 iliwakuta huko huko. Walifanya ibada, wakashiriki Meza ya Bwana, na hata wakajaribu kupika chakula cha sikukuu kwa namna ya kwao. Hannington alisafiri pia katika maji ya ziwa, akafika Kagei ng'ambo ya mashariki, na akaenda Uzinza kumwona mtawala wa huko, akitafuta njia ya kupita kwenda Buganda. Lakini ugonjwa ulirudi kila mara, na kila mara ukimwacha dhaifu kuliko kwanza.

Mwanzoni mwa mwaka 1883 ilikuwa dhahiri kwamba akiendelea atakufa, na tena atakuwa mzigo kwa wenzake. Akakubali kurudi. Mtu yule aliyeacha mke na watoto kwa ajili ya Buganda, akavuka bahari, akatembea hata ukingoni mwa ziwa, sasa aligeuka asiione Buganda. Wapagazi wakamwinua tena kwenye machela. Mwezi wa Mei alifika pwani, na mwezi wa Juni 1883 alikuwa Uingereza.

Ndugu msomaji, kama wakati ule ungekaa na daftari ukapiga hesabu ya safari hii, ungeandika nini? Gharama nyingi, kiongozi amerudi mgonjwa, kazi iliyokusudiwa hakuifanya. Wenye kunung'unika wangekuwa na haki ya kusema kwamba fedha ile ingefanya jambo jingine.

Lakini hesabu haikuishia hapo. Ashe alifika Buganda mwezi wa Mei 1883 akasaidiana na Mackay. Gordon naye alitumika Buganda kwa miaka mingi, akafukuzwa huko katika machafuko ya mwaka 1888, akakimbilia upande wetu wa kusini mwa ziwa. Blackburn hakurudi kwao. Alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, Machi 1888, mwezi ule ule alipofariki hapo Askofu Parker aliyemfuata Hannington. Mackay naye alifariki hapo hapo Usambiro tarehe 8 Februari 1890, na mifupa yake ikahamishiwa Namirembe mwaka 1927. Safari ya Hannington ilikuwa fupi, lakini aliongoza watu ambao safari zao zilikuwa ndefu.

Askofu wa nchi kubwa

Huko Uingereza afya ilimrudia polepole. Madaktari walimkataza kwanza asirudi Afrika, kisha mwaka 1884 wakamruhusu. Wakati huo CMS walitaka askofu wa kuziangalia kazi zao zote za Afrika Mashariki, nao wakamchagua yeye. Tarehe 24 Juni 1884 aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa kwanza wa Afrika Mashariki ya Ikweta. Dayosisi yake ilianza pwani ya Mombasa ikafika Buganda, na kwa kusini ilichukua vituo vya Mpwapwa, Uyui na ziwani. Kwa hiyo wazee wetu wa pande hizi walikuwa chini ya uangalizi wake, ingawa wengi wao hawakujua kwamba wana askofu.

Alifika Mombasa Januari 1885, akakaa Frere Town, kijiji cha watumwa walioachwa huru. Kwa muda wa miezi sita alifanya kazi bila kupumzika. Alikwenda Taita, akafika Moshi kwa Mandara, mtawala wa Wachagga. Na tarehe 31 Mei 1885, Jumapili ya Utatu, aliwafanya mashemasi William Jones na Ishmael Semler, Waafrika wawili waliookolewa utumwani na kusomeshwa India. Katika kazi ya CMS ya Afrika Mashariki hao walikuwa wa kwanza. Mtu ambaye miaka miwili kabla alibebwa na Waafrika sasa aliweka mikono yake juu ya vichwa vya Waafrika na kuwapa kazi ya Kanisa.

Uchaguzi wa njia

Hapo alipanga kwenda Buganda. Ziko njia mbili. Ya kwanza ni ile ya kusini aliyoipita mwaka 1882, kupitia Mpwapwa na Uyui hata ziwani kwetu. Ya pili ni ya kaskazini, kupitia nchi ya Wamasai hata Kavirondo, kisha Busoga, na kuingia Buganda kutoka mashariki. Njia hii ya pili ilikuwa fupi zaidi, yenye nyanda za juu na hewa ya baridi. Msafiri Joseph Thomson alikuwa ameipita miaka ya 1883 na 1884 hata ukingo wa ziwa, ingawa hakuingia Busoga.

Hannington alichagua ya kaskazini, na sababu zake si za kudharauliwa. Njia ya kusini aliijua kwa mwili wake. Ilimlaza Uyui, ilimrudisha kwao, na ilikuwa imekwisha kula maisha ya wengine. Alitaka wamisionari watakaomfuata wasife njiani.

Lakini kuna jambo ambalo safari yake ya kwanza haikuweza kumfundisha, kwa kuwa ilikomea kando ya ziwa. Hakupata kukaa Buganda. Hakusikia jinsi watu wa huko walivyouogopa upande wa mashariki. Waganda walishika neno la zamani kwamba watakaoila nchi yao watatoka upande huo, na kwa hiyo Busoga ilikuwa kama mlango wa nyuma wa ufalme, ambao mgeni haruhusiwi kuingia kwao. Tena nyakati zilibadilika. Kabaka Mutesa alikufa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga, kijana bado, akaketi mahali pake. Mwishoni mwa mwaka huo huo Carl Peters alianza kuwafanya watawala wa Usagara na nchi za jirani watie sahihi mikataba, na mwaka 1885 Wajerumani wakatangaza kwamba nchi hizo ni zao. Habari hizo zilipofika Buganda, Kabaka na wakuu wake walikuwa na sababu ya kuogopa Mzungu yeyote. Na tayari tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu Wakristo, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, walikuwa wameuawa huko Busega.

Mackay, Ashe na O'Flaherty, waliokaa Buganda, waliijua hofu hiyo. Walifahamu kwamba askofu asipite Busoga. Lakini onyo lao halikumfikia. Wakati ule barua ilitembea kwa miguu kama watu.

Busoga

Mwezi wa Julai 1885 aliondoka Rabai na wapagazi wapata mia mbili, pamoja na shemasi William Jones. Walivuka nyika isiyo na maji, wakapita nchi ya Wamasai kwa shida nyingi, wakafika Kwa Sundu, mahali tunapopaita leo Mumias. Hapo, katika Oktoba, alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu hamsini.

Tarehe 21 Oktoba alikamatwa katika nchi ya Luba, mtawala wa Busoga aliyekuwa chini ya Kabaka. Alivutwa na kuburuzwa, akafungiwa katika kibanda kichafu, huku Luba akipeleka wajumbe kwa Mwanga kuuliza la kufanya. Kwa siku nane Hannington alikaa humo na homa, akizungukwa na walinzi. Alisoma Zaburi zake, na katika kitabu kidogo aliandika kila siku yaliyompata, kwa herufi ndogo sana. Kitabu hicho kilipatikana baadaye, na ndiyo sababu twajua mambo hayo.

Huko Buganda Mackay na wenzake walisikia kwamba amri ya kuua imetolewa. Walikwenda jumbani kumsihi Kabaka, wakazuiwa wasimwone. Wakamwomba Padre Lourdel wa Wakatoliki, naye akamsihi Kabaka kwa ajili ya askofu. Kati ya wale waliojaribu kumwokoa alikuwa Ashe, rafiki yake wa msafara wa mwaka 1882.

Wajumbe wa kuua walikuwa wamekwisha ondoka. Tarehe 29 Oktoba 1885 Askofu Hannington alitolewa akauawa, umri wake miaka thelathini na minane. Watu wake nao waliuawa siku hiyo kwa mikuki. Katika wale hamsini, wanne tu ndio waliookoka wakarudi kwa Jones na habari hizo.

Jones alingoja Kwa Sundu hata alipokuwa na hakika, kisha akawaongoza waliobaki kurudi pwani. Walifika Rabai mwanzoni mwa Februari 1886, wakitanguliwa na bendera ya nguo ya buluu yenye herufi nyeupe za neno Ikabodi, jina lile la huzuni katika kitabu cha kwanza cha Samweli, yaani utukufu umeondoka.

Baada ya siku hiyo

Damu haikukoma hapo. Joseph Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki mwenye cheo jumbani, alimlaumu Kabaka kwa kifo cha askofu. Aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Juni 1886, vijana wengi, Waanglikana na Wakatoliki, walichomwa moto Namugongo.

Huko Uingereza, majuma machache baada ya habari kufika, watu wapata hamsini walijitoa kwa CMS watumwe. Mifupa ya Hannington ilitunzwa, ikachukuliwa hata Mumias, na tarehe 31 Desemba 1892 ikazikwa Namirembe na Askofu Tucker. Mwana wake Joseph alikuja baadaye kufanya kazi Busoga, mahali pale alipouawa baba yake, naye alimbatiza mwana wa Luba.

Tujifunze nini?

Nilikuwa mwalimu kwa muda mrefu, na mwalimu hawezi kumaliza somo bila kuuliza wanafunzi wamepata nini. Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, safari fupi isipimwe siku ya kurudi. Ile ya mwaka 1882 ilionekana kushindwa, lakini ilimfanya mtu wa Hurstpierpoint awe na moyo wa Afrika hata asiweze kukaa kwao. Basi kikundi kikija kwetu, au chetu kikienda kwa wengine, tusiulize tu wameacha bati ngapi. Tuulize baada ya miaka mitano: ni nani aliyerudi? Ni nani anayeendelea kuomba na kuandika barua? Kama hakuna, basi wanaonung'unika juu ya nauli wana neno la haki.

Pili, safari fupi humfundisha mtu nusu ya jambo, na nusu hiyo yaweza kumdanganya. Hannington alijifunza vizuri sana kwamba njia ya kusini inaua. Hakujifunza kwamba mlango wa mashariki unaogopwa, kwa sababu hakuishi na watu wa mlango huo. Ujasiri haukumpungukia, wala imani. Alipungukiwa na neno moja kutoka kwa wale waliokaa. Kwa hiyo mgeni wa majuma mawili na awaulize wenyeji kabla ya kupanga, na akubali kuambiwa hapana. Nasi wenyeji tusiwe na haya ya kusema. Mara nyingi mgeni hupanga kisima mahali ambapo kila mzee anajua maji ni ya chumvi, na wazee hunyamaza kwa adabu. Adabu ya namna hiyo haimsaidii mgeni wala sisi.

Tatu, tuwakumbuke waliobeba. Majina ya Wazungu sita wa mwaka 1882 yamehifadhiwa. Wapagazi waliomchukua Hannington kwenye machela kutoka Uyui hata ziwani, na wakamrudisha pwani, wengi hawana majina katika vitabu vyetu. Wale waliokufa pamoja naye Busoga walikuwa zaidi ya arobaini. Wao pia waliacha wake na watoto, na hakuna aliyewauliza kama wanataka kuingia kwa mlango wa mashariki. Kanisa hulitaja kumbukumbu hili kwa ajili ya Hannington na wenzake. Tukifika kwenye neno hilo "wenzake" tusilipite mbio.

Leo katika nchi aliyopita amelala kwenye machela ziko parokia, mitaa na makasisi wake. Dayosisi ya Victoria Nyanza iliundwa mwaka 1963, na baadaye Shinyanga ikawa dayosisi kwa nafsi yake. Sisi wa Mhunze tu sehemu ya mavuno ambayo yeye hakuyaona. Tarehe 29 Oktoba ikifika tena, walimu wa Shule ya Jumapili wawasimulie watoto habari ya Uyui na Msalala pamoja na ile ya Busoga. Na kama liko kundi litakalokuwa njiani wakati huo, likija kwetu au likienda kwa wengine, liombewe kwa jina, viongozi na wabeba mizigo pamoja.